Kijana kwenye jopo la usaili si pambo, wala si mwajiri

Wiki chache zilizopita picha moja ilizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya Pemba. Meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, watu wazima wanne wamekaa upande mmoja, na mwisho wa meza vijana watatu wenye kalamu na karatasi, wawili kati yao wakiwa bado na sare za skuli. Mbele yao, kwenye kiti peke yake, mtu wa makamo aliyekuja kuomba kazi kwenye kituo kimoja cha vijana. Maneno yaliyofuata yalikuwa makali. Ujumbe mmoja wa sauti uliuliza tumefika wapi, hata mtu mwenye watoto wake nyumbani anakaguliwa na watoto wa Kidato cha Tatu. Waliotetea nao hawakuwa nyuma: wakasema ni haki ya vijana, ni wakati wao, waachiwe. Nimezisikiliza pande zote mbili na naona zote zinabishana juu ya jambo ambalo halikutokea pale mezani. Wanaopinga wanadhani watoto wamepewa mamlaka ya kuajiri wakubwa. Wanaotetea wanadhani vijana wametunukiwa heshima. Ninavyoona mimi, kijana anaitwa kwenye usaili kwa sababu anaweza kuona kitu ambacho sisi wakubwa hatukioni tukiwa tumekaa pale, na kitu hicho ndiyo kazi yenyewe inayotafutiwa mtu. Anayefaidika ni anayeajiri. Ikiwa alichokiona kijana hakiandikwi wala hakihesabiwi, basi bora abakie darasani.

Mwaka jana nilikaa kwenye jopo la aina hiyo, mahali pengine, si pale penye picha. Kazi ilikuwa ya mlezi wa dakhalia ya wasichana: mtu atakayelala jengo moja na wanafunzi, awaamshe alfajiri, ajue nani hakula na nani analia usiku. Mwisho walibaki waombaji wawili. Wa kwanza alikuwa na shahada na vyeti vya mafunzo ya malezi, na maswali yetu wakubwa aliyajibu bila ya kukwama hata mara moja. Ikafika zamu ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa mwisho wa meza. Akauliza, "Nikikwambia jambo ambalo nyumbani hawalijui, utamwambia nani?" Yule mama akageukia kwa mwenyekiti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, suala la usiri ni muhimu sana katika taaluma yetu," akaanza, akaendelea kwa muda mrefu na kwa lugha safi, na kwa muda wote huo hakumtazama aliyemuuliza. Mwombaji wa pili alikuwa na stashahada tu na alionekana ana hofu. Alipoulizwa swali lile lile alisita, akakisogeza kiti chake kidogo kumuelekea msichana, akamuuliza, "Jambo lenyewe linakuumiza wewe, au linamuumiza mwengine?" Msichana akasema tuseme linaniumiza mimi. "Basi siwezi kukuahidi kuwa litabakia kwangu. Lakini nitakwambia kwanza nani namwambia, na tutakwenda pamoja." Mimi nilimpa alama ya wastani kwa jibu hilo, kwa sababu nilichokisikia ni kule kusita. Msichana alimpa alama ya juu kabisa, na chini yake akaandika maneno mawili: "Hakunidanganya mimi," kisha akalikata neno la mwisho.

Anayeijua kazi ya ulinzi wa mtoto anajua kuwa jibu la pili ndilo sahihi. Mlezi hatakiwi kumuahidi mtoto kuwa kila atakachosikia atakifanya siri, kwa sababu siku atakayoambiwa mtoto anadhuriwa atalazimika kusema, na ahadi iliyovunjwa humfunga mtoto mdomo kwa miaka. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nimelisoma na nimewahi kulifundisha. Na bado lilinipita nikiwa nimekaa pale, kwa sababu nilikuwa nasikiliza ufasaha. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Adabu yetu Waswahili inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na sote tumeifundishwa tangu utotoni: namna ya kuamkia, namna ya kukaa, namna ya kuteremsha sauti mbele ya mwenye cheo. Mwombaji kazi mbele ya wakubwa wanne anaonesha hiyo. Usaili wa kawaida kwa hivyo unapima namna mtu anavyozungumza na aliye juu yake. Kazi ya mlezi, ya mshauri nasaha, ya kocha, ya maalim wa chuoni, ni kuzungumza na aliye chini yake mlango ukiwa umefungwa. Hatuna njia ya kuliona hilo pale mezani ila tumuweke kijana mbele yake tuangalie.

Tuliangalie na upande wa sheria, maana huko nako kuna maneno mengi yanayosemwa bila ya kusomwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 12 kuwa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, ambayo mwaka 2015 ilipata medali ya dhahabu katika tuzo ya kimataifa ya sera bora inayotolewa na taasisi ya World Future Council, na miongoni mwa yaliyosifiwa ni kwamba watoto wenyewe walisikilizwa wakati ikitayarishwa. Mwaka 2013 ikaja sheria ya Baraza la Vijana, na mabaraza yakateremka hadi kwenye shehia. Kwa hivyo kumsikiliza kijana si jambo lililoingia jana na boti ya asubuhi. Lakini wanaotetea kwa kusema "sheria imeamrisha" wanaisukuma sheria mahali ambapo haijafika. Kifungu cha 12 kinataka maoni yasikilizwe na yapimwe. Hakisemi kijana akae kwenye jopo la usaili. Kukaa kwenye jopo ni njia moja tu ya kulitimiza hilo, na njia hupimwa kwa kazi inayoifanya.

Uingereza, ambako utaratibu huu umekaa muda mrefu zaidi, haukuanzia kwenye mazuri. Mwezi wa Novemba 1991 mtu mmoja aitwaye Frank Beck, aliyekuwa akiendesha nyumba za kulelea watoto katika jimbo la Leicestershire, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwadhalilisha watoto aliokabidhiwa. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Watoto walikuwa wakisema, na walikuwa hawaaminiwi, kwa sababu aliyesemwa alikuwa mtaalamu anayesifiwa na wakubwa wake. Serikali ikaunda kamati chini ya Norman Warner kuangalia namna wafanyakazi wa nyumba hizo wanavyochaguliwa, na ripoti yake ya mwaka 1992 ikaweka wazi jinsi uchaguzi huo ulivyokuwa ukifanywa kwa uzembe. Baada ya hapo, pole pole, vijana wakaanza kuonekana kwenye usaili. Wales ilipoteua Kamishna wake wa kwanza wa Watoto, Peter Clarke, aliyeanza kazi mwaka 2001, watoto na vijana walishiriki katika kumchagua. England nayo, kwenye Sheria ya Watoto ya mwaka 2004, ikamlazimisha waziri kuwashirikisha watoto katika uteuzi wa Kamishna wao, lakini ikasema kwa kiasi na kwa namna ambayo waziri ataona inafaa. Naomba wanaopinga wakisome tena kipande hicho cha mwisho. Hata huko, uteuzi ulibakia kwa mtu mzima anayeweza kuwajibishwa.

Sasa tuje kwenye hoja za wapingaji, maana haziko sawa kwa uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo iliyosikika zaidi: kwamba vijana watamchagua mcheshi, atakayewaachia wafanye watakavyo. Ingekuwa na nguvu kama sisi wakubwa tungekuwa hatuchagui wacheshi. Tunawachagua kila siku. Tunawaita "wenye mvuto" na "wanaojieleza". Watafiti wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walikusanya mwaka 1998 matokeo ya miaka 85 ya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na moja ya yaliyojitokeza ni kwamba usaili wenye maswali yale yale kwa kila mwombaji na alama zilizopangwa unatabiri kazi ya mtu vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya hivi hivi. Hapo hakuna umri. Kinachomuokoa msaili na ucheshi wa msailiwa ni fomu iliyo mbele yake, awe na miaka 17 au 60. Na kwa nilivyoona mimi, vijana hawakuwa laini. Siku ile ile alikuja mwombaji mmoja akawaahidi wasichana safari za ufukweni na simu kila jioni. Sisi wakubwa tulitabasamu. Wao walimpa alama ya chini, na mmoja alieleza kwa ufupi kuwa mtu anayetoa kabla hajaombwa, ipo siku atadai. Sijui alilijulia wapi. Sikumuuliza, na naamini haikuwa haki yangu kumuuliza.

Hoja ya adabu ina uzito zaidi, na sipendi namna inavyodharauliwa na baadhi ya wanaharakati wetu. Jamii ambayo mtoto hamkatizi mkubwa maneno ina kitu cha thamani, na mzazi anayeogopa kitu hicho kisivunjike hakukosea kuogopa. Lakini tutenganishe kuuliza na kuhoji. Msichana yule aliamkia kwanza. Alisema "shikamoo", akajitaja jina, akauliza swali lililoandikwa na kupitiwa na jopo zima siku tatu kabla. Hakumkatiza mtu, hakubishana na jibu. Mwombaji wa pili alimjibu kwa heshima na hakupungukiwa na kitu. Na tukumbuke kuwa watoto wetu wanawapima wakubwa siku zote, tutake tusitake. Nilisoma dakhalia miaka minne. Alikuja mlezi mpya ambaye sisi wanafunzi tulijua ndani ya wiki mbili kuwa hafai kukaa na watoto. Tulikuwa tukipangana nani asibakie jengoni peke yake. Wakubwa walikuja kulijua hilo mwaka wa tatu. Hakuna aliyetukosea adabu kwa kutouliza, lakini hakuna aliyetulinda pia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi ndio tuliokuwa tukilala.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyengine, na sikuisikia kwenye ujumbe wowote wa sauti. Ni muhali. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 543,441 Pemba, lakini kwa anayetafuta kazi ya malezi Wete au Mkoani idadi hiyo hupungua haraka sana. Mjomba wake kasoma na mwenyekiti wa jopo. Mke wake ni jamaa na katibu. Babake alimsaidia mjumbe wa tatu mazishini. Sote tunajua kazi ngapi zimetolewa kwa sababu mtu aliona muhali kusema hapana. Wapo wanaosema vijana watatuokoa na hilo kwa kuwa bado hawajafungwa na madeni ya watu wazima. Natamani ingekuwa kweli. Kijana wa kisiwani ana muhali wake, na ana hofu ambayo sisi hatuna: mwombaji aliyekosa kazi anaweza kuwa jirani, anaweza kuwa mwalimu wa mdogo wake, anaweza kukutana naye kesho kutwa kwenye gari ya kwenda Chake Chake. Mtu mzima aliyenyimwa riziki hawezi kumlaumu mwenyekiti, lakini anaweza kumlaumu mtoto wa watu, na anaweza kumlipizia. Kwa sababu hiyo ile picha iliyosambazwa, ambayo watetezi waliishangilia, mimi naiona kuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mkasa mzima. Nyuso za vijana watatu ziliwekwa hadharani pamoja na mtu waliyekuwa wanampima. Aliyeipiga hakukusudia ubaya. Alitaka wafadhili waone.

Na hapo ndipo watetezi wanapokosea zaidi kuliko wapingaji. Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 kwa ajili ya UNICEF, aliuchora ushiriki wa watoto mfano wa ngazi, na vidaraja vitatu vya chini akasema si ushiriki kabisa: kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa ili ionekane wamo. Vijana wanaokaa kwenye jopo, wakauliza swali moja waliloandikiwa na wakubwa, kisha wakaambiwa watoke nje "ili jopo lijadiliane", wako kwenye vidaraja hivyo. Nimeliona hilo pia. Vijana walipewa soda na biskuti barazani, na fomu zao zikabakia mezani zikiwa chini ya gazeti mpaka usaili ukamalizika. Mwajiri akaandika kwenye ripoti kuwa vijana walishirikishwa. Kumfanyia kijana hivyo ni kumfundisha mapema kuwa maneno yake ni ya kupigia picha, na somo hilo halisahauliki. Anayetaka kuwaita vijana kwa ajili ya ripoti ana njia rahisi zaidi ya kuipata ripoti yake. Awaachie vijana siku yao.

Ikiwa hoja ni ushahidi, basi utaratibu nao ufuate masharti ya ushahidi, na mengi yanayoonekana magumu yanakuwa mepesi. Kijana apimwe kwa alichokiona yeye: mwombaji alimsikiliza au hakumsikiliza, alimjibu yeye au alimjibu mwenyekiti, angemwendea au asingemwendea. Vyeti, mishahara, barua za wadhamini na historia ya mtu visiwekwe mbele yake; si kazi yake na zina siri za watu. Alama aziandike kabla mkubwa yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu kijana akishasikia mkubwa kasema "huyu mzuri", ushahidi umekwisha. Karatasi isiwe na jina lake. Uamuzi utangazwe kuwa ni wa jopo, na mwenye kuweka saini awe mtu mzima mmoja anayejulikana na anayeweza kuulizwa. Vijana wasitoke kwenye shehia za waombaji, na kila mmoja aulizwe faraghani kama anamjua yeyote kwenye orodha, aondoke bila ya kueleza sababu. Aliye chini ya miaka 18 mzazi wake akubali kwa maandishi. Nauli alipwe, na iwe nauli tu.

Na pawe na mpaka wa wapi utaratibu huu unafaa. Mhasibu wa kituo, dereva, mtunza stoo, sioni kwa nini kijana awasaili. Hakuna anachokiona pale ambacho sisi hatukioni. Unafaa kwenye kazi ambazo mtu atakuwa peke yake na watoto au vijana. Ajira za serikalini zina njia zake chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011, na sidhani kuwa ni busara kuanzia huko. Lakini mwajiriwa mpya ana muda wa majaribio, na sioni kinachozuia skuli kuwauliza wanafunzi kwa karatasi isiyo na jina kabla hajathibitishwa kazini. Penye nafasi kubwa zaidi ni kwenye skuli za binafsi, vituo vya jumuiya zisizo za serikali na vyuo vya Qur-ani, ambako mtu huajiriwa kwa neno la watu wawili au watatu, mara nyingi barazani, na siku hiyo hiyo huanza kukaa na watoto. Huko hata usaili wenyewe haujafika, achilia mbali kijana kwenye jopo. Nisieleweke kuwa nasema kijana akishakaa mezani watoto wako salama. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kumtazama msichana usoni na kumjibu vizuri kuliko wote. Kupiga simu kwa mwajiri wake wa zamani, kuomba cheti cha tabia njema cha Polisi, kumfuatilia miezi ya mwanzo, hakuna kati ya hayo kinachofutwa na alama za kijana. Wenye vituo wenye haraka wataupenda usaili wa vijana kwa kuwa ni rahisi kuliko simu hizo. Wasikubaliwe.

Jopo nililokaa mwaka jana litakaa tena mwezi ujao kutafuta mlezi wa pili. Safari hii vijana watatoka Micheweni ilhali dakhalia iko Kusini, simu zote zitaachwa kwenye sanduku mlangoni, na fomu zao zitatiwa kwenye bahasha kabla hatujaanza kuzungumza. Wazazi wawili wameshaweka saini. Baba wa kijana wa tatu bado hajakubali. Amesema hataki mwanawe aje kuambiwa kamkosesha mtu kazi, na amesema atakuja Jumamosi ayaone maswali yenyewe kwanza, ndipo aamue. Tumemwambia aje. Maswali yatakuwa mezani, na yule msichana aliyeuliza swali la siri ataondoka kwao mapema ili awepo, amuelezee kwa nini aliliuliza.